Pale Nyuma ya Jiko

Siku tuliyogawana vitu vya mama, dada yangu Rehema alichukua kinu, mke wa kaka akachukua sufuria kubwa za shughuli, shangazi wakagawana kanga, na mimi nikaomba ufagio. Watu waliokaa uani walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. "Yunisi na ufagio!" Rehema akasema, akipangusa machozi ambayo asubuhi yalikuwa ya msiba na sasa yalikuwa ya kicheko. "Jamani! Mama angekuwa hai angekufa leo kwa mshangao."

Niliwaacha wacheke. Ulikuwa ufagio wa kawaida kabisa, wa vijiti vya porini, umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na ncha zake zimelika upande mmoja kwa sababu mama alifagia kwa mkono wa kulia maisha yake yote. Niliuinua nikaunusa. Ulinuka vumbi lililonyunyiziwa maji, harufu ileile ya asubuhi zangu zote za utoto. Hapo ndipo nilipolia vizuri kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Ninyi wa rika langu mliokulia vijiji vya barabara ya kwenda Mtera hamhitaji kuelezwa uwanja ni nini. Kwetu mtu alipimwa kwa uwanja wake kabla hajapimwa kwa jambo lingine lolote. Uwe na zizi limejaa, uwe na ghala la mtama, mgeni akikuta majani makavu yamelala mbele ya mlango wako atasema nyumba hii haina mwanamke. Mama yangu katika jambo hilo alikuwa hana mpinzani. Unanyunyizia maji kwa mkono kutoka kwenye bakuli, kidogo kidogo, maana maji yenyewe yametoka mbali kichwani. Halafu unafagia kinyumenyume kuanzia mlangoni kwenda njiani, ili nyayo zako zisibaki. Ukimaliza, uwanja una mistari kama kichwa kilichotoka kuchanwa. Jani bichi likichungulia tu, tunaling'oa na mzizi wake.

Kazi hiyo ilikuwa yangu, kwa kuwa Rehema alishakuwa mkubwa wa kutwanga na kupika. Sikuipenda, nasema wazi, na katika umri huu sina sababu ya kujitetea. Upepo wa Dodoma mnaujua: wewe unafagia, wenyewe unarudisha. Mama akipita ananyoosha kidole kwenye jani moja chini ya ukuta. "Na hili umemwachia nani?" Nalirudia. Kesho yake tena.

Nyuma ya jiko letu kulikuwa na korongo. Jiko lenyewe lilikuwa la tembe, la paa bapa la udongo, na mama alilijenga kwa mikono yake huku ana mimba yangu. Alikuwa akitukumbusha jambo hilo kila tulipomuudhi. Kila msimu wa mvua ulipopita, watu wazima walisimama ukingoni, mikono kiunoni, wakasema, "Korongo limekula tena." Na mimi, mtoto wa watu, nikaamini kwamba linakula. Nilijua kitu kinachokula kikishiba kinaacha. Basi nikawa nabakiza ugali kwenye sahani yangu, natoka taratibu, nalitupia korongo matonge. Nilikuwa naliambia kabisa, "Kula hiki, jiko letu liache." Mama alimpiga mbwa wetu mara mbili kwa kosa hilo, akidhani ndiye anayeramba sahani.

Hata hivyo korongo halikushiba. Nilikuwa na kipimo changu: unyayo kwa unyayo, kisigino kikigusa kidole, kutoka ukuta wa jiko hadi ukingoni. Nilipoanza darasa la tatu nilihesabu nyayo thelathini na mbili. Mwaka wa nyuma zilikuwa zaidi ya hamsini. Sikuwa hodari wa hesabu, lakini hesabu ile niliielewa. Misimu miwili ya mvua, na mama hana jiko.

Mwaka huo ndipo alipokuja Mwalimu Hadija. Alitoka Kondoa, mama mfupi mwenye ushungi mweupe na sauti ya kuitia mbuzi, na siku ya kwanza alitembea kijiji kizima kabla hajaingia darasani. Alirudi amesikitika. "Haya makorongo yenu nayajua," akatuambia. "Kwetu Kondoa yameshatula, tukabaki tunatazamana. Nyie bado mnaliwa vidole."

Wiki ile aliingia na madumu matatu ya mafuta ya kula, yale ya lita tano. Alikuwa ameyakata ubavuni, yakalala juu ya meza kama mitumbwi, midomo inaelekea ukingoni, na chini ya kila mdomo kopo linaning'inia kwa kamba. Tulitumwa nje kwa makundi. Dumu la kwanza tulijaza udongo mtupu, tukaushindilia, tukausawazisha kwa kiganja. La pili tuliweka udongo uleule, juu tukatandaza majani makavu na mabua. La tatu alilijaza mwenyewe. Alichimba kipande cha ardhi chenye nyasi hai na mizizi yake, akakilaza ndani taratibu kama anamlaza mtoto.

"Kabla sijamwaga maji," akasema, "kila mtu aniambie. Maji ya dumu lipi yatatoka safi?"

Darasa zima tuliinua mikono kwa lile la kwanza. Hakuna aliyebaki. Mwalimu akatutazama.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu limefagiliwa, mwalimu!" Niliyepiga kelele ni mimi. "Hayo mengine ni machafu!"

Hakunicheka. Aliandika ubaoni idadi yetu wote chini ya dumu la kwanza, na sifuri mbili kwenye mengine. Akatoboa kizibo cha chupa kwa msumari, akaijaza maji, akanyeshea madumu yote matatu, moja baada ya jingine, sawasawa.

Kopo la kwanza lilijaa haraka, na maji yake yalikuwa chai ya maziwa iliyokolea. Kopo la pili lilikuwa na rangi hafifu. La tatu lilichelewa, tukafikiri limeziba, halafu likaanza kudondosha tone, tone, maji ambayo ungenawia uso siku ya Jumapili. Nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

"Mwalimu, huo udongo umeutoa kwenu Kondoa," nikasema. "Wa kwetu haufanyi hivyo."

Darasa likaangua kicheko, kwa kuwa kila mtu alikuwa ametoka kuuchimba mwenyewe nje ya dirisha. Mwalimu Hadija akashika kiuno. "Haya, mbishi. Kesho lete wa kwenu."

Nikaleta. Niliukwangua uani kwetu palepale nilipofagia asubuhi, nikaubeba kwenye mfuko wa sukari, nao ukanipasukia njiani nikamalizia kwenye sketi. Mwalimu alinipa chupa mkononi, akarudi nyuma, akafunga mikono. Nikamwaga mwenyewe, taratibu, huku naomba moyoni. Kopo likajaa chai ya maziwa. Udongo wa mama yangu, uliofagiliwa kuliko wote kijijini, ulikuwa unatoka mbio kuliko wote.

"Umemwaga wewe," akasema. "Mimi simo. Malizaneni wewe na udongo wako."

Sasa oneni akili ya mtoto. Mwalimu alieleza vizuri kabisa kwamba nyasi hupunguza mbio za maji na mizizi hushika udongo, na mimi nilisikia. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa nimejitengenezea maelezo yangu: udongo unatukimbia kwa sababu kila siku alfajiri tunauchapa. Nani angekaa mahali anapochapwa kila siku kabla hajanywa chai? Nilishika ufagio kesho yake, nikainama, nikauomba udongo msamaha. Nikafagia kwa upole mpaka mama akauliza kama nina homa.

Jioni nilimfuata jikoni. Alikuwa anasonga ugali, jasho linamtoka.

"Mama, tusifagie huko nyuma. Tuache nyasi ziote. Korongo litasimama."

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Na mimi nimeona kwa macho yangu."

"Nyasi zinaleta nyoka."

"Mama, jiko litaanguka."

Akaacha mwiko ndani ya ugali, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akanigeukia. "Yunisi. Nimekupeleka shule ukajifunze kusoma, wewe umejifunza sababu za kutofagia. Ukifika darasa la saba si utakuja kuniambia hata kuoga kuna madhara?" Rehema alicheka mpaka akakaa chini. Nililala na hasira. Ukishajulikana nyumbani kuwa mvivu, hata ukweli ukiusema wewe unageuka uvivu.

Jumamosi ya wiki ile walikuwa wanakuja wageni wa posa ya Rehema. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Mtera, na kila nilipoyatazama nilihesabu nyayo zangu thelathini na mbili. Nikaamua. Mama na Rehema walitoka alfajiri kwenda kisimani, baba akaenda kupeleka ng'ombe malishoni, nami nikaachiwa uwanja. "Ufagie kuliko siku zote," mama aliniagiza. "Leo ndiyo leo."

Ndiyo leo kweli. Nilibeba mabua yote ya mtama yaliyobaki shambani, mzigo kwa mzigo, nikayatandaza nyuma ya jiko. Nikachimba mafungu ya nyasi kando ya njia, nikayapanda mstari kwa mstari mpaka ukingoni mwa korongo. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini mabua yalibaki, na roho ya utendaji ilikuwa imenipanda. Nikatandaza ubavuni, nikatandaza mbele, nikatandaza mpaka mlangoni, na juu yake nikamwaga majani makavu niliyoyazoa chini ya miti. Nilirudi nyuma kuangalia. Uwanja ulikuwa dumu la pili, kubwa, zuri, na moyo wangu ulitulia.

Mama na Rehema walifika na ndoo kichwani sambamba na wageni. Mshenga alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo, amevaa koti juu ya shuka, na nyuma yake wanawake wawili wa upande wa bwana harusi. Alisimama mwisho wa njia. Hakukanyaga ndani.

"Mbukwa!" akaita, salamu yetu ya Kigogo, lakini aliita kama mtu anayeita pango. Halafu akamgeukia mwenzake. "Hapa wamehama?"

Mama alishusha ndoo. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. "Shikamoo baba, karibuni," akasema, "tupo, karibuni." Wale wanawake wawili walitazama mabua, wakatazamana, na mmoja akavuta kanga yake juu kidogo, kama vile anavuka dimbwi. Mshenga alikuwa mstaarabu. Alisema wanaona wamekuja siku ya kazi, watarudi juma lijalo, tusijisumbue. Maneno matamu kama asali, na kila mmoja pale alijua maana yake.

Rehema aliingia ndani akajifungia. Nilimsikia analia, na kilio kile ninakisikia hata leo akinicheka. Nilikuwa nimetaka kuokoa jiko, nikawa nimemnyima dada yangu mchumba. Jamani, aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

Mama alinipiga, ndiyo, sitaipamba hadithi. Akanipa ufagio, nikafagia uwanja wa mbele wote huku kamasi zinanitoka. Nilipozunguka nyuma ya jiko nikamwona mama amebeba madumu mawili mapya niliyokuwa nimeyakata na kuyaficha nyuma ya kinu. Moja nilishalijaza udongo wetu mtupu, jingine udongo na nyasi.

"Haya ndiyo yaliyokuharibu? Nayachoma."

Nilipiga magoti. Nilimwambia, mama, choma, nichome na mimi, lakini kwanza mwaga maji mara moja tu. Mwaga wewe mwenyewe, mimi nisishike kitu. Sijui alishawishika na nini. Nadhani alichoka tu, au alitaka kunikomesha kwa ubishi wangu wote siku moja. Alichukua kata, akachota maji kwenye ile ndoo aliyotoka nayo kisimani, maji ya kichwa chake, akamwaga juu ya dumu la udongo mtupu. Chai ya maziwa ikamwagika miguuni mwake. Akalimwagia na lile la nyasi. Alisubiri. Tone, tone, maji safi.

Mama alichuchumaa. Alikinga kiganja chini ya mdomo wa dumu, akayatazama maji yale, akayamwaga. Akachota kata nyingine akarudia. Mara ya tatu alirudia. Halafu alichovya kidole kwenye ile chai ya maziwa, akakisugua na kidole gumba, akanyanyua macho akatazama korongo, akatazama ukuta wa jiko lake, na akabaki vile mpaka nikaogopa.

"Kila siku," akasema, si kwa kuniambia mimi. "Kila siku asubuhi."

Alisimama, akajikung'uta magoti. "Mbele hapawekwi mabua," akaniambia. "Mbele utafagia mpaka siku ya kuolewa kwako, umenisikia? Huku nyuma usiguse chochote. Na mtu akikuuliza, usimjibu. Nitajibu mimi."

Mvua ya kwanza ilipiga siku tatu baadaye, ile ya kwetu inayokuja kwa hasira kama inadai. Baada yake nilikimbia pembeni ya jiko na miguu mitupu. Mafungu mawili kati ya yale niliyopanda yalikuwa yamekwenda na maji. Mengine yalikuwa yamelala kifudifudi, lakini yameshika. Nikahesabu, kisigino kwa kidole. Thelathini na mbili. Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni ananitazama ninahesabu, na hakuniuliza nahesabu nini.

Wageni walirudi, uwanja ukawa unang'aa, posa ikapita, na Rehema akanisamehe baada ya kujifungua mtoto wa kwanza. Lakini mama hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa sahihi. Majirani walipomuuliza habari za kichaka nyuma ya jiko alijibu, nami nasikia, "Ah, ni huyu mvivu wangu, nimechoka naye, nimemwachia." Nikalibeba jina hilo miaka yote. Nililibeba mpaka chuoni, nikalibeba mpaka nyumba yangu ya Nkuhungu, Dodoma mjini, ambako uani nimepanda nyasi na mama akija kunitembelea alikuwa anatikisa kichwa. Niliamini aliniachia pale nyuma kama mtu anavyomwachia mtoto anayelia. Iliniuma, na sikuwahi kumwambia.

Basi siku ile ya kugawana vitu, nilipokwisha kulia, nilizunguka nyuma ya jiko na ufagio wangu mkononi. Nilimkuta mama mmoja, jirani, mtu mzima aliyekuja kusaidia msibani, anamkemea binti aliyeshika jembe. Binti alikuwa mke mpya wa mtu pale kijijini, ameona nyasi za magotini, ameamua kusafisha.

"Acha! Hapo hapalimwi wala hapafagiwi," yule mama akamwambia. "Hapo ni pa Yunisi."

"Yunisi ndiye nani?"

"Binti wa pili wa marehemu, yule wa mjini. Huyo Mama Rehema, kila aliyeolewa kijijini alimleta hapa nyuma akamwonyesha. Anakata dumu mbele yako, anakumwagia maji uone, halafu anakuambia, mwanangu alinifundisha haya akiwa na miaka tisa, nami nikampiga. Alimpeleka hata mama mkwe wangu. Nenda kaangalie nyuma ya majiko ya watu, toka hapa mpaka kwa katekista. Kila mtu ana pake."

Nikasimama pale ukutani, sikuweza kutoka wala kurudi. Miaka yote ile. Kwa wengine alisema, kwangu akanyamaza. Ningependa kumkasirikia, ila namjua. Lile lilikuwa neno gumu kupita kinywani mwa mtu aliyenipiga akiwa na haki zote za mama, na alilipeleka kwa kila mtu mwingine badala yangu, nyumba kwa nyumba, na dumu mkononi.

Nilimwita mjukuu wa Rehema, msichana wa darasa la tatu mwenye miguu myembamba. Nikamwambia anihesabie kutoka ukutani mpaka ukingoni, kisigino kiguse kidole, asiibe. Alihesabu kwa sauti, ulimi nje, akipasua nyasi kwa magoti.

"Thelathini na mbili, bibi."

"Hesabu tena."

"Thelathini na mbili!"

Nikanyunyizia maji uani kwa bakuli la mama. Nikafagia kuanzia mlangoni, kinyumenyume, mistari ikanyooka, na watu wa msiba wakaacha kucheka wakanipisha. Nilifagia mbele, nikafagia ubavuni, na nilipofika nyuma ya jiko, penye jani la kwanza, nikauegemeza ufagio ukutani.